Mtoto Asiyepimwa Uzito

Mama Deki alikuwa na maringo na sakafu yake. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na vinne, naye kwa miaka tisa aliipiga deki asubuhi na jioni mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Hakuona ubaya. Mtu kuitwa kwa kitu anachokiweza ni heshima.

Ndiyo maana watoto walipoanza kuharisha aliumia kuliko wote. Hawakuja na tumbo hao. Huyu alikuja na kichomi, yule kaungua mkono. Siku ya tatu wanatapika, macho yameingia ndani. Maabara ikasema ni kirusi cha tumbo, na wamekipatia humu humu wodini. Kamba hukatikia pembamba: Sista mkuu akasema tatizo ni sakafu, na wiki ikiisha bila mabadiliko, Mama Deki atapelekwa uani kufagia majani.

Akaongeza klorini mpaka vidole vikachubuka. Watoto wawili zaidi wakaugua.

Siku moja alikuwa anadeki chini ya kitanda cha Bwana Mkubwa, mtoto wa mwaka na nusu aliyevunjika paja, miguu yake imefungwa kamba ikaelekea darini. Biskuti ikamdondoka. Bibi yake akaiokota, akaipuliza, akamrudishia mdomoni bila haya mbele ya mwenye sakafu. Mama Deki alifungua kinywa amgombeze, kisha akakifunga. Yule mtoto alikula biskuti za chini kila siku, na wiki tatu nzima hakuharisha hata mara moja. Kama sakafu ingekuwa na hatia, wa kwanza kuugua angekuwa yeye.

Basi wenzake wanapewa nini ambacho yeye hapewi? Akaegemea mpini, akatazama. Sista alikuwa anapima uzito kwa mkono wake mwenyewe, maana kazi hiyo hakumwamini mtu. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mzani, anatolewa, anatiwa mwingine. Mfuko ule ule, mwenye kuharisha na asiyeharisha. Alipofika kwa Bwana Mkubwa akampita. Mwenye miguu juu hapimwi.

Mama Deki akaogopa kwelikweli. Kumwambia Sista kwamba kosa ni lake ni kujitafutia balaa, lakini watoto je? Akamfuata chumba cha dawa, akamweleza yote. Sista alimsikiliza uso umekaza. Akaenda akaufungua ule mfuko, akaugeuza ndani nje, akautazama mshono wake kwa muda mrefu.

Tangu hapo kila mtoto alipimwa kwa shuka yake mwenyewe. Siku kumi na mbili zikapita bila mgonjwa mpya.

Daktari mkuu alipopita na kundi lake, akampongeza Sista kwa kuiokoa wodi. Sista angeweza kuzipokea tu, nani angebisha? Mama Deki alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Daktari, pongezi hizo si zangu," Sista alisema. "Wale watoto niliwaambukiza mimi, kwa mkono wangu huu. Aliyegundua ni yule pale."

Wote wakageuka. Daktari akamwomba awaeleze aligunduaje. Mama Deki akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama wima.

"Kwanza tuelewane, daktari," akasema. "Sakafu yangu ni safi."