Sentimita Sitini

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu, Mama Futi alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya gari dogo jeupe la porini, akipima umbali kutoka kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, hadi sakafuni. Alipima mara tatu. Kijitabu cha muuzaji kilisema sentimita ishirini na moja. Futi yake ilisema kumi na nane na nusu, na hapo gari lilikuwa tupu, matairi yamejazwa upepo mpaka basi. Akawaita mafundi wanne wenye vitambi waingie ndani, akapima tena. Kumi na nne.

"Hili si gari la porini," alisema akiwa kule kule chini. "Hiki ni kiatu cha harusini."

Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa ya kukagua magari ya zahanati za mbali, na yeye alikuwa mpimaji wake kwa miaka kumi na tisa, kiasi kwamba jina lake halisi lilibaki kwenye faili tu. Magari mapya yalikuwa kumi na mawili. Hili la kwanza lingekwenda zahanati ya ng'ambo ya mto, ambako dereva alikuwa mdogo wake, wamezaliwa tumbo moja. Mto wenyewe haukuwa na daraja. Gari hushuka upande huu, huingia majini, hutokea upande wa pili Mungu akipenda.

Mchana ikafika zamu ya kipimo cha kuvuka maji. Uani kulikuwa na bwawa refu la zege lililojengwa kwa kazi hiyo, ila maji yalikatwa miaka sita iliyopita na hakuna aliyefuatilia. Kwa hiyo walichora ukutani mstari wa bluu, usawa wa sentimita sitini, na magari yakawa yanapita bwawani kukiwa kukavu. Gari likitokea upande wa pili bila kuzimika, limefaulu. Tangu mstari uchorwe, hakuna gari lililowahi kufeli.

Hili nalo lilifaulu. Lakini Mama Futi alikuwa ameshafungua boneti akaona mdomo wa bomba la hewa ulipo: nyuma ya taa ya mbele, sentimita arobaini kutoka chini. Maji yakifika hapo injini inayanywa, na injini ikinywa maji imekwisha. Akaenda kwa Mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa anakula pamoja na wakala aliyeyauza magari, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye saa ya mkononi, saa mpya ambayo wiki iliyopita Mkuu hakuwa nayo.

"Mkuu, hii sitini imetoka wapi? Pua ya injini iko arobaini."

"Mama Futi, gari limepita au halijapita?"

"Limepita pakavu."

"Basi limepita." Mkuu alifuta vidole pembeni mwa fomu, akamsogezea. "Tia saini, mama. Unataka wajawazito wabebwe kwenye machela mwaka mwingine tena?"

Hilo la machela ndilo lililomkata maini. Wajawazito kweli walikuwa wanabebwa. Akatia saini karibu na alama ya mafuta, kisha akaenda kunawa mikono, na alivyonawa hakuridhika, akanawa tena.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yameingia ofisini. Mvua haikuwa imenyesha na mabomba yalikuwa makavu kama kawaida. Yalikuwa maji ya mto, ya kahawia, yenye povu na majani yaliyooza, na yalijaa vyumba vyote pamoja na ukumbi wa ukaguzi, yakakomea kwenye vizingiti bila tone kumwagika nje. Mama Futi alivua viatu, akaingia, akatumbukiza futi. Sitini kamili. Karani wa masjala aliyaingiza kwenye daftari la vitu vilivyopokelewa, akaandika "Maji", na kwenye safu ya aliyeleta akaweka mstari. Viti vikapandishwa juu ya matofali. Wakuu wa idara wakanunuliwa gambuti, wengine wakaambiwa wakunje suruali. Kipimo cha kuvuka maji kiliendelea kufanyika uani, pakavu.

Siku ya nne mdogo wake alikuja kuchukua gari. Alisimama ukumbini, maji juu ya magoti, akacheka.

"Dada, mmeanza kufuga kambare?"

Mama Futi alimvuta kando. "Nisikilize. Maji yakikukaribia goti, usiingie na hilo gari. Karatasi inasema sitini. Achana na karatasi."

"Na kama nimembeba mzazi?"

"Hata kama umembeba."

Mdogo wake aliacha kucheka. "Maneno hayo ungeyaandika, dada. Mbona unaninong'oneza?"

Mama Futi alimkabidhi funguo, akamtazama akitoka getini na lile gari lililong'aa kama sahani.

Wiki ya pili maji yalianza kunuka. Miguu ya meza ikaota utelezi wa kijani. Chura alikufa kwenye droo ya mihuri, na kwa kuwa haikuwa kazi ya mtu yeyote kumtoa, barua zote za wiki ile zilitoka na harufu yake. Mkuu alikuwa akipenga kamasi majini pale pale alipoketi, huku anasoma, na kamasi ile ikaelea taratibu kuelekea kwa wapiga chapa. Wao waliisukuma kwa rula. Mama Futi alikuwa akiitazama ikirudi, na ilimchukiza, ila si kama ulivyomchukiza mkono wake mwenyewe wa kulia, ule uliotia saini.

Mvua zilianza Jumanne. Alhamisi, dereva wa zahanati alifika mtoni na nesi mmoja na mzazi aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi. Maji yalikuwa yanafika kwenye goti. Aliingia. Katikati ya mto tumbo la gari lilikaa juu ya jiwe, gari likaning'inia, na injini ikanywa maji ikazimika. Watu wa ng'ambo walirusha kamba. Akatoka mzazi, akatoka nesi. Yeye alikuwa wa mwisho, na maji yalikuwa yamepanda, kamba haikumfikia tena.

Alizikwa Jumamosi. Jumatatu alitokea ofisini, akija kwa miguu ndani ya maji kutoka pembe ya ukumbi, sare imemganda mwilini, tope limejaa masikioni. Karani alimpa daftari la wageni. Aliandika jina na saa, na kwenye safu ya shughuli akaandika "Karatasi". Alipojaribu kutoka nje kuota jua, miguu yake ilikoma kwenye kizingiti, pale pale yalipokomea maji.

"Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi, dada," alisema.

Siku hiyo hiyo Mama Futi aliandika barua. Alieleza kuhusu bwawa kavu, mstari wa bluu na pua ya injini, na kwamba yeye ndiye aliyetia saini. Alipendekeza magari yote kumi na mawili yarudishwe. Kamati ilikaa juu ya matofali saa nne nzima, ikanywa chai, ikaamua kwamba gari halikuwa na kosa ila maji ndiyo yaliyozidi kiwango. Mtoni kikapelekwa kibao: MAJI MWISHO SENTIMITA SITINI. Mama Futi alisoma uamuzi huo mara mbili, akataka kuutemea mate. Akayameza, maana hapakuwa na pa kutemea pasipokuwa na maji.

Mwezi uliofuata yaliagizwa magari mengine thelathini, ya aina ile ile. Safari hii wanaotoa fedha walitaka kipimo cha kweli, ndani ya maji ya kweli. Mkuu alitembea ukumbini na gambuti zake akiwaza, mpaka akamwona dereva ameketi ukingoni mwa dirisha.

"Huyu ameshaandikiwa barua ya kuachishwa kazi?" alimuuliza karani.

"Bado, Mkuu."

"Basi ni mtumishi."

Milango miwili ya chuma ya ukumbi ikafunguliwa. Gari la kwanza likaletwa, dereva akakaa kwenye usukani, akawasha, akaingia. Katikati ya ukumbi injini ilikunywa maji, ikakohoa, ikazimika. Maji yakapanda ndani, yakamfika kifuani, kisha, ingawa yalikuwa sitini tu, yakamfunika kichwa. Aliyanywa na kupaliwa kama alivyoyanywa mara ya kwanza. Mafundi wakalivuta gari kwa mnyororo upande wa pili. Yeye akafuata kwa miguu, akisimama kila hatua mbili kutapika mchanga.

Karani alikuwa anajaza fomu. "Hapa wanauliza kama dereva ametoka salama."

"Kwani kafa tena?" aliuliza Mkuu.

"Hapana."

"Basi ametoka salama."

Fomu haikuwa na swali kuhusu injini. Karani alimpelekea Mama Futi, naye akakataa kuishika. Mkuu hakugombana. Alisema kipimo kisichosainiwa hurudiwa, na gari likarudishwa mlangoni. Mdogo wake akaingia, akanywa maji, akatoka akitapika. Mama Futi akakataa tena. Kipimo kikarudiwa.

Mara ya tatu mdogo wake alikuja hadi mezani kwake. Midomo yake ilikuwa ya samawati, na kati ya meno palikuwa na mchanga.

"Dada, wameniahidi nikimaliza yote thelathini wataniacha niende zangu."

"Na unawaamini?"

"Siwaamini. Lakini usiposaini, nakunywa hili hili moja mpaka lini?"

Mama Futi alimfuta tope masikioni kwa ncha ya kanga. Kisha akavuta fomu, akatia saini.

Wakaleta gari la pili.