Pigo la Nne Sandukuni

Watu walikuja ukumbini kwetu kwa miguu yao wenyewe ili waogopeshwe, na aliyewaogopesha ni mimi. Nilikuwa na meza yangu nyuma ya mapazia, upande wa kushoto wa jukwaa, na juu yake nyundo ya mbao, kreti tupu, bawaba kuukuu iliyokosa mafuta, sinia la kokoto na viatu vizito vya marehemu mume wangu. Mlango ukilia, ni mimi. Mtu asiyeonekana akitembea darini, ni mimi, nimevaa viatu vile mikononi. Radi ilikuwa bati kubwa lililoning'inia kwenye fremu ya chuma, na kwa sababu yake kundi zima liliniita Mama Radi, jina ambalo sikulipenda lakini nililiitika. Miaka kumi na tisa nilikaa gizani nikiwatetemesha watu wazima na ndevu zao, na mwenyewe sikuwahi kutishika. Mpishi haogopi moshi wa jiko lake.

Msimu ule tulikuwa na mchezo wa mume aliyemfungia mkewe sandukuni kwa wivu. Mke analia humo ndani, anasihi, kisha ananyamaza. Mume anakaa mezani anakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo sanduku linagongwa kutoka ndani, mara tatu. Taa zinazimika, na zinapowaka, mke amesimama nyuma kabisa ya watazamaji, uso mweupe, nywele zinachuruzika maji, nao wanakumbatiana hata na wasiojuana.

Siri yake ilikuwa rahisi. Sanduku lilikuwa la kweli na kufuli lilikuwa la kweli, ila ubao wa nyuma ulifunguka kwa nje kama kilango, na nyuma ya ubao palikuwa na pazia jeusi. Mwigizaji akishafungiwa alilia kidogo, akausukuma ubao, akatambaa chini ya pazia, akapita uani mbio hadi mlango mkubwa wa ukumbi. Kwa hiyo sanduku lilipogongwa, halikuwa na mtu. Yale mapigo matatu niliyapiga mimi kwenye kreti, harakaharaka, ta-ta-ta.

Aliyefungiwa alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Tulimchagua kwa sababu ni mwembamba na anakunjika kama shuka. Pumu anayo tangu utotoni, lakini mle sandukuni hakukaa hata dakika moja, kwa hiyo hatukuona shida. Mama yetu alipokuwa mahututi alinipa kikopo cha dawa ya kuvuta cha mdogo wangu, akaufunga mkono wangu juu yake, akasema, "Huyu sasa ni wako."

Siku nne kabla ya onyesho ninalolisimulia, mimi na huyo wangu tulikuwa hatusemezani. Alimwambia mwongozaji, mbele ya kundi zima, kwamba radi yangu inasikika mbali na mapigo yangu yanachelewa, pengine dada ameanza kuchoka. Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba sikio halipiti kichwa, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Tunakaa nyumba moja, lakini tangu hapo tulipishana mlangoni kama wapangaji, na alipoishiwa chumvi alienda kuiomba kwa jirani.

Asubuhi ya siku yenyewe nikatangulia peke yangu nikaihamisha radi. Niliiburuta ile fremu kutoka pembeni hadi katikati, nyuma ya pazia jeusi, nikaikandamiza miguu kwa mifuko miwili ya mchanga. Kwenye bati nikafunga kamba ndefu iliyofika mezani kwangu, niwe naivuta nimekaa. Sasa aje aniambie iko mbali. Sanduku lilikuwa bado halijaletwa jukwaani, ila alama zake za chaki zilikuwepo sakafuni, na nafasi ya mtu kupita niliipima kwa jicho nikaona inatosha. Ili kumjulisha mdogo wangu ilibidi nimsemeshe kwanza, na mdomo huo sikuwa nao.

Onyesho lilianza saa tisa alasiri. Nje jua lilikuwa kali, lakini madirisha tuliyaziba kwa vitambaa vyeusi na ndani hukuona hata kiganja chako. Kabla ya zamu yake mdogo wangu alikuja akasimama mbele ya meza yangu, amevaa gauni refu, uso umepakwa unga, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Nikazishughulikia kokoto zangu. Akasubiri kidogo, kisha akaenda zake.

Mume akafunga kufuli. Mdogo wangu akaanza kulia, "Nifungulie, nakuomba. Nifungulie, nitakufa humu." Ndivyo ilivyoandikwa. Ila siku hiyo aliyarudia maneno hayo mara nne, mara tano, sauti ikapanda hadi ikakwaruza, na mama mmoja katika watazamaji akaanza kulia naye. Nikasema moyoni, leo anajitia bingwa. Halafu akanyamaza. Nikaizungusha kamba kiganjani nikavuta, radi ikanguruma katikati ya jukwaa kwa nguvu kuliko siku zote, na nakiri nilifurahi. Nikasubiri mume ale vijiko viwili vyake, nikashika nyundo, nikapiga zangu tatu.

Kisha likapigwa la nne.

Nyundo ilikuwa mapajani mwangu. Pigo lilitoka jukwaani, zito, moja tu. Wala sikuogopa kwanza, nilikasirika. Nilidhani mdogo wangu amebaki humo kwa makusudi ananipigia mapigo yangu, ili mwongozaji asikie tofauti ya dada aliyechoka na yeye. Likaja la tano. Likaja la sita, polepole, kila moja mbali na mwenzake. Ukumbi ulikuwa umekufa ganzi. Mwongozaji, aliyesimama upande wa pili, akamwashiria fundi taa asizime bado, kisha akanigeukia akaninyooshea dole gumba. Alidhani ni mimi. Nikakunja mikono. Apige tu, nikasema, tuone atafikaje mlangoni kwa wakati.

La saba liliponifikia nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mapema. Mdogo wangu hachezei kazi. Hata tununiane mwaka mzima, hawezi kuacha kutokea pale mlangoni. Wakati huu yuko uani anakimbia, kama kila siku. Na kama yuko uani, mle sandukuni kuna nani?

Waigizaji wa zamani husema ukimwita maiti kila siku, ipo siku ataitika, na mimi siku zote niliwacheka. La nane lilipolia sikuweza hata kugeuza shingo. Nikashika ukingo wa meza nikaanza kuomba Mungu kimyakimya, mimi Mama Radi mzima. Nilikuwa na hakika kwamba nikitazama upande wa sanduku nitaona kitu ambacho sitakisahau. La tisa lilikuja dhaifu. La kumi halikuwa hata pigo, zilikuwa kucha zinaparura mbao.

Na kamba ikanivuta kiganja.

Ilinivuta kidogo, kama samaki mdogo anavyogusa ndoana. Kule katikati bati likatetemeka kwa sauti ndogo ambayo masikio yangu tu ndiyo yangeijua. Kitu kilikuwa kinaisukuma fremu yangu. Ubao ulikuwa unaisukuma fremu, na fremu ilikuwa imekandamizwa na mifuko yangu ya mchanga, na upande wa ndani wa ubao alikuwa mdogo wangu.

La kumi na moja lilinikuta nimesimama. Niliipiga meza kwa goti, kokoto zikamwagika, nikakimbia gizani nikitanguliza mikono. Mfuko wa kwanza niliuinua, wa pili ulinishinda, nikaishika fremu yenyewe nikaiangusha. Radi ililia ukumbi mzima, na watazamaji wakapiga mayowe ya raha. Ubao ukafunguka, mkono wake ukaanguka nje. Nikamvuta kwa makwapa. Midomo ilikuwa ya majivu, kifua kinapanda bila kujaa, na pumzi inapiga mluzi mwembamba unaokatikakatika.

Nikaling'oa pazia, tukaonekana.

"Nisaidieni," nikasema. "Mdogo wangu anakufa."

Wakapiga makofi. Nilipaza sauti nikawaambia huu si mchezo, ni kweli, anakufa, na hapo ndipo walipozidisha, wengine wakasimama, mtu akapiga mluzi. Mume wa mchezoni alikuwa bado ameshika kijiko. Mwongozaji alikuwa anatabasamu, hajui kama aendelee kutabasamu au aache. Katika maisha yangu sijawahi kuogopa vile. Watu mia mbili walikuwa wanatutazama, na niliyewafundisha kwamba kila kilio cha humu ni cha uongo ni mimi.

Fundi taa ndiye aliyetuokoa. Tulifanya kazi pamoja miaka yote hiyo na hakuwahi kuniona nikikanyaga jukwaa. Akawasha taa zote za ukumbi kwa mpigo. Kwenye mwanga ule mweupe watu wakaona mwanamke mzima mwenye kandambili, amepiga magoti, analia makamasi, na makofi yakafa moja moja.

"Dawa yake," nikasema. "Mkoba wa bluu, chumba cha kuvalia." Mume wa mchezoni akatupa kijiko, akakimbia.

Alivuta mara moja bila kitu kuingia. Akavuta tena. Mtazamaji mmoja alikuwa na gari, tukambeba.

Kabla jua halijazama alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, bomba la dripu mkononi, unga wa mchezo bado umemganda kwenye nyusi. Daktari alisema dakika mbili zaidi angekuwa anaongea na mimi habari nyingine. Tulipobaki wawili nilimwambia yote kuhusu fremu na mifuko ya mchanga, na kwamba nilitangulia asubuhi nikaihamisha kwa hasira. Nikalia, nikamwomba radhi.

"Yaishe, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. "Mimi nami nilikuaibisha mbele za watu. Nilikuja pale mezani nikuombe radhi, nikaona kokoto zina maana kuliko mimi."

Akacheka kidogo, akakohoa, nikamshikilia mgongo.

"Unajua," akasema alipotulia, "sauti ilipokwisha nilijua hakuna atakayenisikia. Wote watadhani unapiga wewe. Nikasema, aliyebaki ni dada tu. Yeye atajua si yeye. Ndiyo maana nilipiga moja moja, usije ukachanganya na yako. Wala sikuogopa sana, kwa kweli. Nilijua ukisikia moja tu utakuja."

Nilimpangusa unga kwenye nyusi kwa ncha ya shuka.

"Ulinisikia kuanzia lipi?" akaniuliza.

Alikuwa ananitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo akiwa mtoto, ninapomshika mkono kuvuka barabara.

"Lile la mwisho," nikamwambia. "Bati lilikuwa linalia, mengine sikuyasikia."

Akaniamini. Alinishika mkono akasinzia, nami nikakaa pale nikimsikiliza anavyohema, nikiogopa kuuondoa.