Funda Moja la Maji ya Kwetu

Mkanda wa mashine ya ukaguzi ya kituo cha treni ulimeza mfuko wa Cui Xiuping saa tisa kasoro dakika ishirini mchana. Alipita kwenye mlango wa chuma, akanyoosha mikono kama afanyavyo kila siku, kifimbo cha ukaguzi kikampitia makwapani, mgongoni na kwenye viatu vilivyolowa maji ya vyombo. Alikuwa ametoka moja kwa moja jikoni mwa hoteli ya tambi anakoosha bakuli tangu alfajiri. Hospitali ilikuwa vituo tisa mbele. Wagonjwa huonwa na jamaa zao kuanzia saa tisa hadi saa kumi, na mlango ukifungwa umefungwa.

Kwa kawaida hapo huchelewa dakika moja tu. Mwenye chupa hupiga funda moja mbele ya mlinzi, ili ionekane hakubeba sumu wala petroli, kisha huenda zake. Xiuping alishalizoea jambo hilo. Lakini wiki hiyo kulikuwa na mkutano mkubwa mjini Beijing. Walinzi walikuwa wameongezwa, na juu ya mashine ilikuwa imefungwa kamera mpya inayowatazama walinzi wenyewe.

Aliyekaa mbele ya skrini alikuwa msichana mwembamba, kibandiko cha kifuani kikisema Miao. Aliusimamisha mkanda, akaitoa chupa ya maji kwenye mfuko wa Xiuping, akaiinua kwenye mwanga. Chini kulikuwa na udongo mwekundu, laini kama unga.

Xiuping alijua angeulizwa. Usiku uliopita alikuwa amewaza kuimimina ile chupa kwenye kitambaa ili udongo ubaki, akashindwa. Udongo nao ulikuwa wa nyumbani. Kijiji chao kiliitwa Doujiajing, yaani kisima cha ukoo wa Dou, na siku nane zilizopita trekta la kampuni ya ujenzi lilikifukia kisima hicho mbele ya macho yake. Alikuwa amekwenda kutia sahihi karatasi za kuhamishwa. Shemeji yake alikuwa ameteremsha ndoo mara ya mwisho, ikapanda na tope, wakajaza chupa moja, na dereva wa trekta akapiga honi kuwaambia wasogee.

Mumewe, Dou Yongchang, hakuambiwa kuhusu trekta. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mapafu yakiwa yamejaa vumbi la miaka ishirini na mbili ya kukata mawe ya majengo ya watu. Dawa alikuwa amezikubali, uji alikuwa ameukubali. Maji ya mjini ndiyo yaliyomshinda; alisema yana ladha ya bomba. Juzi alimshika mkewe kidole kimoja, akasema angependa kupata funda moja la maji ya nyumbani, halafu lolote lije. Daktari naye alikuwa amemwambia Xiuping pembeni kwamba asihesabu wiki, ahesabu siku.

"Hii ni nini?" aliuliza kiongozi wa zamu, bwana mmoja aliyeitwa Kang, mwenye kitambaa chekundu kilichofungwa mkononi.

Xiuping aliogopa. Alikuwa na miaka kumi na moja Beijing na akiwa ametulia aliweza kusema kama watu wa Beijing, lakini hofu ilimrudisha kwao. Alijibu kwa neno alilofundishwa na mama yake.

"Fei."

Kwao maji ni *fei*. Beijing maji ni *shui*, na *fei* ni mbolea. Kang aliitazama chupa, akautazama ule udongo, akarudi nyuma hatua mbili. Mbolea, ambayo huweza kutengenezewa bomu, ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya hatari iliyobandikwa ukutani. Akaishika redio ya mkononi, akasema kuna mwanamke amekiri mwenyewe kuwa amebeba mbolea ya maji.

Kijana mmoja wa nyuma kwenye foleni alisema shangazi kakosa shamba, kaja kulima relini, wachache wakacheka kwa pua.

Xiuping alijaribu kulitamka upya lile neno kwa lafudhi ya mjini, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ulimi ulivyozidi kumsaliti. Ndipo Miao aliposimama mbele ya skrini. Masikio yake yalikuwa yamepata wekundu.

"Kiongozi, amesema maji. Kwetu tunasema hivyo."

"Kwenu wapi? Wewe si uliniambia umezaliwa hapahapa?"

Kang aliitazama kamera juu ya kichwa chake, kisha redio. Xiuping aliona kwamba amemwamini msichana, na kwamba kumwamini hakukusaidia kitu. Neno mbolea lilikuwa limeshaingia redioni na mahali fulani mtu alikuwa ameliandika. Kang alimweleza, bila ukali, kwamba taarifa iliyofunguliwa lazima ifungwe. Ama polisi waje wachukue chupa na mwenye chupa, wampe majibu jioni, ama athibitishe kuwa ni maji.

"Nitapiga funda," Xiuping alisema.

"Funda ni la maji ya kawaida, mama. Haya yameshaandikwa. Kunywa yote, chupa ionekane tupu kwenye kamera, mimi nifunge taarifa, wewe upande treni."

Aliwaeleza habari za mgonjwa. Alieleza kwa unyenyekevu, habari za kisima pia, na watu wa foleni walisikia, na mmoja wao akauliza kama kuna mlango mwingine wa kuingilia. Kang alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hata yeye ana mama mzazi kitandani, lakini kamera haina mama.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano. Xiuping alifungua kizibo.

Alikunywa taratibu. Yalikuwa yamepoa kama yalivyokuwa yakipoa zamani kwenye mtungi, na yalikuwa na utamu ule wa chuma alioujua tangu alipoletwa kijijini hapo akiwa bi harusi, mama mkwe alipompa kata ya kwanza ya maji mlangoni. Aliona aibu kwa jinsi yalivyokuwa matamu. Alipofika mwisho aliitikisa chupa, udongo ukapanda, akajaza kinywa mpaka mashavu, akafunga midomo. Akaigeuza chupa juu chini mbele ya kamera.

Kang alikuwa ameinama kwenye redio. Miao peke yake ndiye aliyemtazama shingo. Shingo haikusogea.

"Amemeza," Miao alisema kwa sauti ya kusikika. "Imeisha."

Treni ilikuwa imejaa. Xiuping alisimama karibu na mlango, chini ya kamera nyingine, huku skrini ikiwaomba abiria watoe taarifa wakimwona mtu mwenye dalili za wasiwasi. Alipumua kwa pua. Mate yalizidi kujaa, na kila yalipozidi alihisi maji ya kisima yanapungua thamani. Kwa kila kituo alisali Salamu Maria moja. Alikuwa amezoea kusali kwa kutikisa midomo, hata Padre aliwahi kumtania. Sasa aliona kwamba sala haihitaji kinywa. Kituo cha nne mzee mmoja alimuuliza kama treni inafika uwanja wa maonyesho, naye akatikisa kichwa. Kituo cha saba alitaka kupiga chafya. Akajibana pua mpaka machozi yakatoka, akamwomba Mungu jambo dogo kama hilo, na likapita.

Kwenye lango la hospitali mlinzi alikuwa na daftari la wageni. Siku zote humuuliza jina la mgonjwa, Xiuping akataja, yeye akaandika.

"Unamwona nani leo?"

Xiuping alinyamaza. Mlinzi akarudia kwa kelele, kama mtu anayesema na kiziwi, akaongeza kuwa bila jina hakuna kuingia, amri ya wiki hii. Ilibaki robo saa.

Akaichukua kalamu. Kwa mihula miwili, kila Jumatano jioni, alikuwa akiketi kwenye kiti cha watoto katika darasa la watu wazima, akiandika jina la Dou mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote na yeye ndilo alilolitaka kwanza. Hakuruka hata kimstari kimoja cha jina hilo. Dou Yongchang. Chini yake akaandika lake.

Mlinzi aliligeuza daftari. "Bubu ana mwandiko kunishinda," alisema, akamfungulia.

Yongchang alikuwa amelala akitazama dirishani. Xiuping alimpa mgongo, akainamia kikombe cha bati kwenye kabati, akakiachia kile kilichokuwa kinywani. Hakikufika hata nusu. Akamwinua kichwa, akamwekea kikombe mdomoni.

Alikunywa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Xiuping akashika mkono wake kutafuta mapigo.

"Ni fei ya kwetu," alisema Yongchang. "Mbona umeipasha moto?"

"Maji ya baridi si mazuri kwa kifua chako."

"Imebaki nyingi?"

"Imebaki."

"Basi kesho ilete vilevile ilivyo, mama Liang," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ile hunywewa baridi."

Xiuping alisema sawa. Kati ya meno yake kulikuwa na chembe ya udongo. Aliigusa kwa ulimi, na hakuitema.