Plagi ya Tatu

Gari la mkunga lilirudi gereji likikohoa. Fundi aliyekuwa chini ya gari jingine alilitambua kwa sauti kabla hajaliona, maana jana tu lilitoka pale likinguruma vizuri. Akajivuta nje, akaketi kwenye ndoo ajifute mikono, akasimama, akaketi, akasimama tena. Mwanamke huyu kutulia hakukuwa fungu lake. Wateja walimwita Mama Kaza, kwa sababu hakuna nati iliyopita mbele yake asiikaze, iwe ya gari, ya kiti au ya mlango wa choo.

"Mama Kaza, jana mlinibadilishia plagi au mlinibadilishia gari?" Mkunga alishuka na mkoba begani. "Linatetemeka kama lina homa. Na ile taa ya injini inafanya hivi, hivi, hivi." Akawa anafumba na kufumbua macho.

"Inapepesa? Haiwaki tu ikatulia?"

"Inapepesa. Na mimi nina mama uchungu umeshamwanza, kule juu ya mlima. Nifanyie haraka, dada yangu."

Mama Kaza alikwisha kuingiza mkono dirishani akazima injini. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, inakuambia kuna neno, mtaongea baadaye. Ikipepesa, haina adabu tena, inapiga yowe: silinda fulani haichomi, petroli mbichi inapita inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, na ukizidi kukanyaga utaharibu huko kitu ambacho plagi za gereji nzima hazikifikii bei. Angempa mkunga gari jingine, lakini siku hiyo yaliyokuwepo ni mawili, moja halina injini na la pili limekaa juu ya mawe.

Aliyebadilisha zile plagi, vile vijiti vya kutoa cheche ndani ya injini, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu dada mtu na mdogo wake walikuwa hawasemezani. Waya alikuwa ametangaza kwamba amepata kazi kwenye gereji ya malori, mji wa mbali, na Mama Kaza akamjibu, "Mlango hauna kufuli." Tangu hapo wakanuniana. Lakini gereji ni gereji, lazima mtu aombe spana, basi wakawa wanaongea kupitia paka wa gereji.

"Paka," Mama Kaza aliita huku anafungua boneti, "mwambie mwenzako alete mashine ya kupimia."

"Paka, mwambie nimeshaileta," alisema Waya nyuma yake.

"Huyu paka ana kazi nzito hapa," mkunga akasema. "Mnamlipa?"

Waya alichomeka waya wa mashine chini ya usukani, wakainamia kioo chake pamoja, bega kwa bega, bila kugusana. Mashine haikuuma maneno: silinda ya tatu haichomi.

Kusema kweli, moyoni mwa Mama Kaza kulikuwa na watu wawili wanagombana. Mmoja alitaka kosa liwe la Waya, ili aone mwenyewe kwamba bado hajaiva, abaki. Mwingine alikuwa anaomba lisiwe lake, kwa sababu ni mdogo wake, na mteja amesimama hapo anasikia.

Wakaanza na koili, kile kinachoipa plagi umeme wa cheche. Ya tatu waliihamishia kwenye silinda ya pili, ya pili wakaipeleka kwenye ya tatu. Ugonjwa ukihama na koili, mgonjwa ni koili, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Waya akafuta kumbukumbu ya hitilafu, akawasha injini. Kusubiri ndicho kitu ambacho Mama Kaza hakukijua kabisa. Alikaza kishikio cha betri kilichokuwa kimekazika, akalizunguka gari, akaenda mlangoni kutazama barabara, na huko hakukuwa na cha kutazama. Mkunga naye alikuwa anaongea na simu: "Mgeuzeni alale ubavu. Nakuja. Nimesema nakuja!"

Taa ikatulia kidogo, kisha ikaanza tena kupepesa. Mashine ikasema ileile ya tatu. Koili ilikuwa nzima.

"Paka, mwambie—"

"Nimesikia," alisema Waya, akapima waya unaoleta umeme kwenye koili. Nao ulikuwa mzima. Sasa imebaki plagi yenyewe.

Mama Kaza alijifunga kitambaa mkononi, maana injini ilikuwa ya moto, akatoa koili na kuizamisha soketi ndefu ya kufungulia plagi kwenye shimo la tatu. Akajitegemeza na bega, kama afanyavyo kila mtu anapotaka kufungua plagi iliyokazwa, akavuta. Nusura aangukie taa za mbele. Mpini ulizunguka bila ubishi wowote. Akautoa, akaishika soketi kwa vidole viwili tu, plagi ikawa inafunguka kama kifuniko cha chupa.

"Hii haikukazwa," alisema, na paka hakutajwa.

Waya akainama kuitazama ile plagi. "Zote nilizitia kwa vidole kwanza, kama kawaida. Nikakaza ya kwanza, nikakaza ya pili. Simu ikalia, wale watu wa malori. Niliporudi..."

"Ukaanzia ya nne."

"Nikaanzia ya nne."

"Na hukuziangalia tena?"

"Dada, hapa nani huwa anaangalia?"

Mama Kaza akaichomoa plagi kwenye soketi. Tangu alipomfundisha kazi, kila alichofunga Waya yeye alipita nyuma yake akakikaza upya. Mkono wa kijana ukakua ukijua kwamba nyuma yake kuna mkono mwingine. Ila jana hakupita. Jana alikaa kwenye meza ya kazi, vidole vikimwasha, akijiambia, si anajiona fundi wa malori, basi leo simfuati.

"Jana sikupita," alisema.

"Kwa nini?"

"Hasira tu."

Waya akacheka, kicheko kibaya. "Miaka yote nakaza kitu, nasikia soketi yako nyuma yangu, wateja wanatazama, nameza mate. Siku ya kwanza unaniachia, naacha plagi inaning'inia! Unaona sasa? Mimi siendi kwa ajili ya malori, dada. Nikikaa hapa sitajua hata siku moja kama mkono wangu unatosha."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa amejiaminisha kwamba kijana anaringa, kwamba amedanganyika na mshahara. Haikumpitia akilini kwamba anakimbia kitu, na kwamba kitu chenyewe ni yeye, dada yake, na ile soketi aliyodhani anamlinda nayo. Akaona haya, akaona na uchungu, vyote kwa pamoja.

"Jamani," mkunga akaingilia, "wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe sina, nina mtu anajifungua. Nifungieni gari kwanza."

Mama Kaza aliigeuza plagi kwenye mwanga. Kauri yake haikuwa na ufa, na nyuzi zake za kukazia hazikuumia. Akamnyooshea Waya mpini.

Waya aliitia kwa vidole mpaka ikakaa, akaikaza, akaongeza kidogo, akaacha. Kisha, bila kuambiwa, akatoa koili nyingine zote, akapitia plagi zote upya, moja baada ya nyingine. Mama Kaza alitia mikono kwenye mifuko ya ovaroli, akaikunja ngumi humohumo. Alipiga hatua mbili kuelekea kwenye gari, akarudi. Jasho lilimtoka kuliko la kazi.

Injini iliwashwa, ikanguruma sawasawa. Taa ikazimika, wakasubiri, haikurudi. Mkunga alikwisha kukaa kwenye usukani, lakini alimtazama Mama Kaza usoni. "Umeiangalia wewe mwenyewe?"

Ule mlima ulikuwa mrefu, na huko juu kulikuwa na roho mbili zinangoja. Mama Kaza alimeza mate. "Fundi ameiangalia. Nenda."

Wakasimama mlangoni wakilisikiliza gari likipanda, mpaka mngurumo ukapotelea kwenye kelele za mtaa.

"Usiende," Mama Kaza akasema. "Nakuomba, mdogo wangu. Sitapita tena nyuma yako."

"Utapita. Kesho utapita, na mimi nitakuachia." Waya alisema kwa upole, akafuta mpini na kuurudisha mahali pake. "Naenda, dada. Huko nikisahau, nimesahau mimi."

Mama Kaza akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anasema neno.

"Na wewe?" Waya akamuuliza. "Utapita nyuma ya nani?"

Mama Kaza alifungua kinywa amjibu, maana katika maisha yake hakuwahi kukosa la kujibu, machozi yakamtangulia.