Mshipi wa Siku ya Mbwa

Chizuru alipita chini ya lango la hekalu. Baba yake alikuwa amefariki jana. Mwenye msiba mbichi havuki lango lile, na yeye alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mimba yake ya kwanza ilitoka, hii ya pili imefika mwezi wa tano, na leo ndiyo Siku ya Mbwa, siku ya kuombewa na kufungwa mshipi wa tumbo. Siku nyingine kama hii ingemkuta bado matangani. Basi habari aliyopewa na kaka yake kwa simu akaimeza, asimwambie mtu.

"Tembea basi, bibi harusi!" alimtania Fusae, mama mkwe wake. "Mbwa anazaa kama anayepiga chafya, wewe hata ngazi zinakushinda?"

Kwenye birika la mawe alinawa mikono. Kuhani akawauliza kama aulizavyo wote: "Nyumbani hakuna msiba?"

"Hakuna, mzee wangu. Wazima wote," Fusae alijibu.

Ngoma ikalia. Tumbo la Chizuru likakaza, likawa gumu kama ubao. Alijua anaadhibiwa, mtoto anachukuliwa palepale, mbele ya mungu aliyedanganywa. Hofu ikamshinda.

"Baba amekufa!" alipiga ukelele. "Jana! Nisameheni, mtoto hana kosa!"

Ngoma ikakatika. Kuhani akaweka chini fimbo yake ya kutakasia yenye karatasi nyeupe, akawatoa taratibu mpaka nje ya lango.

"Atamuua mwanangu?" Chizuru aliuliza.

"Nani kakuambia mungu wetu muuaji?" kuhani alisema. "Mle ndani watu wanaleta furaha. Mwenye msiba tunamwambia akae nyumbani, alie kwanza. Wewe umelia?"

Hakuwa amelia. Alimgeukia mama mkwe wake, akijua sasa kofi linakuja.

"Jana usiku umenikaangia samaki," Fusae alisema. "Umecheka na mimi. Na baba yako kalala maiti. Mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo, mwanangu?"

Machozi yakamtoka Chizuru, na polepole tumbo likaanza kulegea. Fusae akamfunga mshipi waliokuja nao, palepale kando ya barabara, juu ya koti, magari yakipita. Kisha akatoa kioo chake cha poda mkobani, akakichomeka kwenye mshipi uso ukitazama nje, kama wafanyavyo wajawazito wanaokwenda kuzika.

"Kifo kikichungulia humo, kijione chenyewe, kitimue mbio," alisema. "Haya, twende tukamzike baba yako."