Mama wa Kitabuni

Flavia alipanda treni Kaliua na kitabu kimoja mkobani, kile cha hadithi alichokuwa akilala nacho utotoni. Ndani yake kulikuwa na picha ya mama anayemenya karanga. Bibi yake alimwambia huyo ndiye Recheli, mama yake mzazi, aliyefariki Flavia angali ananyonya. Mchoraji alimkalisha kwenye kibaraza chake kule Isevya, akamchora. Picha nyingine ya Recheli haikuwepo duniani. Basi mtoto alikuwa akiubusu uso ule kila alipokwenda kulala.

Sasa alikuwa akimjengea mama yake kaburi. Fundi alishamaliza saruji, akabaki kungoja kigae chenye picha cha kubandika msalabani. Na Mungu si Athumani, mchoraji alikuwa hai, akiishi bado nyumba ile ile ya Isevya. Aliposhuka treni, Flavia alikwenda moja kwa moja kumbishia hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Mzee Humaidi alikifungua kitabu akacheka. "Ona, mbuzi huyu nilimsahau mkia!" Flavia akacheka naye. Alimpenda mbuzi yule miaka yote, wala hakuwahi kuliona kosa hilo.

Kisha akasema kilichomleta: uso wa mama yake umefifia, na anaomba upakwe rangi upya kabla ya kuchapwa kwenye kigae. Mzee akaacha kucheka.

"Usiiweke hiyo kaburini."

"Kwa nini, mzee?"

Kabla hajajibu, mkewe, Bi Manal, aliingia na birika la kahawa. Flavia akamtazama, kisha akakitazama kitabu. Kidevu kile chenye kishimo, nyusi zile zilizoinuka. Uzee ulikuwa umeongeza makunyanzi tu. Nusura aite mama, na furaha hiyo ya kijinga ndiyo iliyomuumiza kuliko yote.

"Mama yako nilimchora kweli," mzee alisema. "Lakini alikuwa mgonjwa, amekwisha, mifupa mitupu. Wachapaji wakanirudishia picha, wakasema watoto wataogopa. Nikaufuta uso wake, nikaweka wa huyu. Ningenyamaza hata leo, mwanangu. Lakini sura ya mtu aliye hai haibandikwi kaburini."

Bi Manal alitua birika, akajifunika ushungi hadi mdomoni. "Tusamehe, mwanangu," alisema, ingawa yeye hakuwa na kosa lolote.

"Alikuwaje, basi?" Flavia aliuliza kwa hasira. "Nichoree alivyokuwa!"

Mzee alichukua penseli. Kisha akaiweka chini.

"Nimemsahau. Nimechora watu wengi mno." Alinyoosha kidole kitabuni. "Ila mikono sikuigusa. Hiyo ni yake."

Flavia alikisogeza kitabu dirishani. Uso ulikuwa umefutika kwa mabusu, mdomo hauonekani tena. Chini yake, juu ya ungo wa karanga, mikono miwili myembamba ilikuwa mizima, rangi yake kama ya jana. Miaka yote ile hakuwahi kuibusu.