Jiwe la Tatu la Gati

Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, na boti ya kwenda ng'ambo ilikuwa inaelea huko huko yalikoishia maji, nyuma ya tope. Tope la kisiwa cha Pangavini ni jeusi, linanuka yai viza, na ukikanyaga vibaya linakushika mpaka gotini kama lina mikono. Watu wanne walikuwa wamembeba mzee Alfani juu ya mlango. Mlango wenyewe ni wa chumba cha Sauda. Aliung'oa kwenye bawaba alfajiri ile, maana machela ya zahanati ilitoboka zamani na kitanda cha kamba kilikuwa kizito.

Sauda alishika pembe ya nyuma, gauni amelifunga kiunoni. Alikuwa diwani wa kata hii, mwaka wake wa pili.

"Leo nimebebwa na serikali," alisema mzee Alfani, tumbo amelishika kwa mikono miwili. Ngiri ilimbana tangu usiku. "Mkiniangusha nitawashtaki kwa diwani."

"Diwani ndiye huyu huyu aliyekushika miguu, babu. Nyamaza, usije ukanichekesha tukaanguka wote."

Wakaanguka. Wa mbele aliteleza, mlango ukainama, mzee Alfani akaserereka taratibu mpaka topeni, akalala ubavu. Hakulia. Alisema tu, "Niacheni kidogo. Hapa pamepoa."

Walimwinua, wakamfikisha, boti ikaondoka naye. Sauda akarudi kunawa haraka haraka, kwa sababu siku ile ile mgeni rasmi alikuwa anakuja kuweka jiwe la msingi la gati. Mgeni rasmi hupangiwa saa ya maji kujaa. Mgonjwa hapangiwi.

Mawe mengine mawili yalikuwapo tayari. La kwanza maandishi yake yaliliwa na chumvi. La pili, kinamama wanaparia samaki juu yake, maana ni bapa na limekaa vizuri. Gati lenyewe hakuna aliyeliona.

Hilo gati ndilo lililomtoa Sauda jikoni kwake kwenda kwenye siasa. Mwanzo alitaka kusimama peke yake, bila chama chochote. Ofisa wa uchaguzi alimtazama kama mtu aliyeomba kuolewa bila mume.

"Mama, sheria haimjui mtu peke yake. Inajua chama."

"Watu wa Pangavini wananijua mimi. Chama hawakijui."

"Basi tafuta cha kukubeba."

Akaenda kwa Brighton, katibu wa chama kimoja kidogo, ofisi yake chumba cha nyuma ya duka la vipuri, Kilwa Masoko. Brighton alimpa kadi na kofia. Ilikuwa kama kuazima baibui la mwenzio kwenda harusini: unapendeza, lakini unakula kwa kujibana usije ukalimwagia mchuzi. Watu walimpigia kura yeye, kofia hawakuitazama. Na alipoingia ukumbini alinyoosha mkono pamoja na yeyote aliyesema kweli siku hiyo, awe wa chama chochote. Brighton alinung'unika. Sauda akamwambia, "Mwanangu, mkono ni wangu."

Kila kikao aliuliza swali moja: gati la Pangavini limefikia wapi? Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Laurenti, mtu wa milima ya Kipatimu. Kwao Laurenti na kwao Sauda ni watani tangu mababu, basi alikuwa anamjibu kwa mdomo mtamu.

"Mtani, wewe ni samaki. Samaki na gati wapi na wapi?"

"Na nyinyi nyani wa milimani, barabara mnaidai ya nini? Si mrukie mitini!"

Ukumbi ukacheka. Kicheko kikiisha, Sauda anauliza tena, na Laurenti anafungua ajenda nyingine.

Huyu Laurenti, siku alipozikwa mama yake Sauda, alishuka toka Kipatimu mpaka kisiwani, akaingia kaburini na suti yake, akajinyoosha chali, akasema maiti haingii mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wanalia walicheka na machozi yao machoni. Akapewa jogoo, akatoka, akajikung'uta, akashika jembe kama wengine. Hivyo ndivyo mtani anavyofanya, wala hakuna anayekasirika. Anayekasirika aibu ni yake.

Basi siku ya jiwe la tatu, maji yakajaa, mgeni akafika hajalowa hata soksi. Shimo lilikuwa limechimbwa na jiwe limefunikwa kitambaa cha satini. Mgeni alihutubia, akapigiwa makofi, akapewa mwiko wenye utepe. Sauda alikuwa kwenye mstari wa madiwani. Chini ya kucha zake bado kulikuwa na tope la alfajiri. Alivua ndara, akaziweka vizuri pembeni, akashuka shimoni, akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti. "Mtani Laurenti! Gati hili mmelizika mara mbili, hata sadaka hatukula. Leo sitoki humu mpaka uniambie linafufuka lini!"

Watu wakaangua kicheko, kinamama wakapiga vigelegele. Laurenti mwenyewe alicheka mpaka kofia ikapinda, akaja ukingoni, akainama.

"Toka, samaki we! Nitakupa jogoo."

"Jogoo nilikupa mimi. Mimi nataka nondo na saruji."

Mgeni rasmi hakuwa mtu wa huku. Hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, "Mwenyekiti, huyu mama ni nani?"

Laurenti akanyooka. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni, akawa hajui akiweke wapi.

"Ni diwani wa chama kile kingine, mheshimiwa. Ana... ana matatizo kidogo."

"Mtani!" Sauda aliita kutoka shimoni.

Laurenti aliwatazama askari. Wakashuka wawili, wakamtoa kwa makwapa mbele ya watu waliomchagua, kanga imemvuka begani. Jiwe likawekwa. Mgeni akaondoka kabla maji hayajaanza kutoka.

Mzee Alfani naye alirudishwa kwa maji kujaa, amefunikwa shuka. Walimzika kimya. Hakuna mtani aliyeingia kaburini.

Matanga hayajaisha, Brighton akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, kamati imekaa. Umekidhalilisha chama mbele ya serikali. Na ile ya kunyoosha mkono na wale wengine, wakubwa hawajasahau. Umevuliwa uanachama."

"Haya. Kadi nitakuletea. Na kofia, nimeshaifua."

"Mama, hujanielewa. Asiye na chama hana kiti."

Sauda alikaa kwenye kibaraza. "Kiti nilipewa na watu."

"Kupitia sisi."

"Brighton, kisiwa hiki hata jina ulikuwa hulijui mpaka nilipokutajia. Kule shimoni nilikuwa nafanya utani. Muulize mtu yeyote wa huku."

"Kwenye katiba ya chama hakuna utani, mama. Mimi ni mtumishi tu. Usinichukie."

Siku ya kikao Sauda alivaa gauni lake la kikao, akavuka. Askari wa mlangoni, aliyezoea kumpokea mkoba, alisimama katikati ya mlango. "Mama diwa... mama Sauda. Humo hutaingia. Wewe sasa ni raia."

Laurenti alimkuta hapo. Alimshika mkono, akamvuta kando.

"Mtani, usinitie matatani. Nina watoto wanasoma."

"Ulimwambia nina matatizo."

"Ningesema nini? Yule si mtu wa huku, asingeelewa."

"Ungesema, huyu ni mtani wangu."

Laurenti alitazama saa yake. "Kikao kinaanza," akasema, akaingia.

Sauda hakuondoka. Alizunguka nyuma ya jengo, penye dirisha la zamani la nondo na mabawa ya mbao, akapanda juu ya tofali. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, madirisha yote yako wazi, kila neno linasikika. Wakajadili ushuru wa korosho. Wakajadili mbuzi wanaozurura mjini. Kisha ikasomwa ajenda ya gati: kwa kuwa jiwe la msingi limekwisha kuwekwa, mradi uko salama; fedha zake za mwaka huu zihamie kwenye uzio wa ofisi ya halmashauri.

"Mjumbe wa Pangavini ana hoja?" Laurenti aliuliza, kwa sababu utaratibu unataka aulize. Alikitazama kile kiti kitupu.

"Ninayo!" Sauda alisema dirishani.

Vichwa viligeuka, vikarudi.

"Kiti kiko wazi," Laurenti alisema. "Hakuna hoja."

"Laurenti! Ninayo, niko hapa! Mtu amekufa kwa tope!"

Laurenti alijifuta jasho shingoni kwa kitambaa. Hakugeuka. "Wanaoafiki?"

Mikono ikanyooka.

"Wasioafiki?"

Sauda alipitisha mkono wake kati ya nondo mpaka begani, akaunyoosha juu humo ndani ya ukumbi. Karani aliyekuwa anahesabu mikono kwa kuinyooshea kalamu alifika penye dirisha, kalamu ikasimama. Akamtazama mwenyekiti. Kisha kalamu ikaruka, ikaenda kwa mtu wa kiti kinachofuata, ambaye mikono yake ilikuwa mapajani.

Diwani mmoja wa kiti cha nyuma aliinuka, akaja dirishani.

"Toa mkono, mama," alimnong'oneza kwa adabu. "Nisije nikakubana."

Hakuutoa. Yule bwana aliushika kifundoni, akaukunja taratibu kama anavyokunjwa mkono wa mtoto aliyelala, akaurudisha nje. Akavuta bawa moja, akavuta la pili, akatia komeo. Wakafunga na madirisha mengine, moja baada ya jingine, mpaka upande wote ule wa jengo ukawa mbao tupu.

Feni hazikuwa zinazunguka. Wakakaa humo ndani na suti zao, kwenye joto, gizani, wakaendelea na ajenda.